Kabla ya kuunganisha ekipe mbili za mtaa

Kila msimu ukiisha hapa Lubumbashi, swali linarudi. Ekipe mbili za komini moja zimemaliza michuano hoi: moja imepigwa forfe, yaani imeshindwa bila kucheza, kwa kukosa watu, nyingine inafanya mazoezi na mpira mmoja uliobanduka ngozi. Basi mtu mwenye sauti nene anasimama mkutanoni na kusema, "Kwa nini tusiungane?" Makofi. Juma linalofuata marais wawili hawasalimiani hata msibani.

Mimi ni sekreteri wa ekipe ya Katuba. Vijana wananiita Mama Sekreteri, hata wale walioacha mpira zamani wakaoa. Kazi yangu ni kaye (madaftari), lisansi (kadi za usajili wa wachezaji), PV (maandishi ya mikutano), na kuwafukuzia watu ambao hawajaleta picha. Nimekaa katika mazungumzo ya kuungana upande wa wanaomezwa, nimekaa pia upande wa wanaomeza, na msimamo wangu siufichi: unganisheni ofisi kabla ya kuunganisha wachezaji. Ekipe mbili zinaweza kuwa na sanduku moja la vifaa, gari moja la kukodi, sekreteri mmoja na timu moja ya watoto, huku wakubwa wakicheza kila upande na jezi yake. Mkishindwa na hilo dogo, kubwa msiliguse.

Haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja kwangu kuuliza.

Kila upande ulete karatasi yake

Kabla ya kikao chochote cha pamoja, kila ekipe ijihesabu yenyewe, bila kuchungulia ya mwenzake. Usiandike majina yaliyo kwenye orodha. Andika waliofika mazoezini Jumanne na Alhamisi, kwa majuma kadhaa mfululizo. Andika lisansi ngapi ni halali msimu huu. Andika uwanja ni wa nani: wa parokia, wa shule, wa komini, au ni kiwanja cha mtu ambaye siku yoyote atamwaga matofali. Kisha andika majina ya watu wanaofanya kazi kweli. Komite inaweza kuwa na watu kumi na wawili kwenye karatasi, lakini ukiuliza ni nani anayefua jezi, nani anakwenda ofisi ya Entente, wanaosimamia michuano ya hapa, nani anatafuta bisi, majina yanabaki mawili, na mara nyingi mmoja ni mama wa mchezaji.

Sasa wekeni karatasi mbili mezani. Mnachotafuta ni upungufu usiofanana. Kama hawa wana vijana tele lakini hawana uwanja wala kiongozi anayejua kuandika barua, na wale wana uwanja na komite nzuri lakini Alhamisi wanafika tisa, hapo pana mazungumzo. Kama nyote mnalia pesa tu, hakuna kitu cha kuunganisha. Maskini wawili wakilala kitanda kimoja, blanketi haliongezeki.

Na kwa wale tisa wa Alhamisi, ulizeni sababu. Sheria za mpira haziruhusu mechi ianze kama upande mmoja una wachezaji chini ya saba, kwa hiyo ekipe inayofika na watu wanane iko hatua mbili tu na forfe: malaria moja, msiba mmoja, mmekwisha andikiwa tatu kwa bila. Lakini Lubumbashi haikosi vijana. Wanaokosekana wako wapi? Mmoja yuko Kolwezi anatafuta maisha kwenye migodi, mwingine anapakia magunia Kasumbalesa, watatu wanajiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Kuungana hakumrudishi kijana aliye Kolwezi. Kubadilisha saa ya mazoezi kunaweza kumrudisha yule anayetoka sokoni saa kumi na moja.

Tajeni majina ya watakaobaki nje

Hapa ndipo watu wananichukia, lakini nitasema. Ishirini na watano hapa, ishirini na watano kule, jumla hamsini. Uwanjani wanaingia kumi na mmoja na wachache wa benchi. Mkisema "tunakuwa na nguvu", mnasema pia kwamba kama nusu ya vijana hao wanarudi nyumbani. Sipingi kwamba wakati mwingine ni lazima. Ninataka tu komite mbili zikae, kocha awepo, na majina yasomwe kwa sauti. Ukiona mkutano unapoa ghafla, ni kwamba jina la mtoto wa mjumbe limesomwa.

Kanuni yangu: hakuna sahihi kabla ekipe ya pili haijapata kocha, siku zake za uwanja na mechi za kucheza. Ahadi ya "tutawapangia baadaye" haina maana. Baadaye hiyo inafika wakati vijana wamekwisha hamia kwenye ekipe ya kamari ya Jumapili. Magolikipa waangalieni peke yao, maana kila muungano unamfukuza kipa mmoja mzima. Na kama mojawapo ina timu ya wasichana, andikeni kipengele kinachowalinda kwa jina. Vifaa vikipungua ni wao wanaoambiwa "ninyi mtasubiri kidogo", na mpira wao unaishia hapo.

Msimu mmoja wa majaribio, bila kuandikisha kitu

Anzeni na watoto. Timu ya chini ya miaka kumi na tano ndiyo rahisi kuunganisha, kwa sababu watoto wanajuana shuleni na hawana habari na ugomvi wa mwaka ambao rais fulani alimwibia mwenzake mshambuliaji. Wakubwa waendelee na mechi zao kama kawaida. Gari la ugenini likodishwe pamoja pale ratiba inaporuhusu. Mipira iwekwe kwenye sanduku moja lenye kufuli mbili, kila upande na ufunguo wake. Naona mnacheka, lakini kufuli mbili zimezuia maneno mengi.

Uwanja ndio mtihani wenyewe. Wa kwetu ulikuwa na kichuguu kikubwa upande wa mashariki, tukakilima na majembe, na mpaka leo kona ile imeinuka: anayeipiga bila kuijua, mpira unapita juu ya wote. Vijana wetu wanaupenda mwinuko ule kama mchezaji wa kumi na mbili. Wenzetu wa jirani walipoanza kufanya mazoezi pale, kitu cha kwanza walichoomba ni kuusawazisha. Ungesikia kelele! Mambo kama hayo yajulikane wakati wa majaribio, wakati bado kila mtu anaweza kurudi kwao bila aibu. Na jaribio lipite kwenye mvua pia. Mwezi wa saba, vumbi tu na upepo, kila mtu ni mstaarabu. Subirini mwezi wa kwanza, uwanja ukiwa tope na mmoja wenu ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake siku iliyobaki kavu.

Madeni yamwagwe mezani

Kikao cha madeni kifanyike mchana, mahali pa wazi, na mashahidi wasio wa komite. Nakumbuka kimoja uani kwa mzee mmoja. Trezorye (mtunza pesa) wa upande wa pili, mstaafu wa reli, alikuja na kopo la maziwa ya unga. Hakuwa na kaye. Alifungua kifuniko akamwaga vikaratasi juu ya meza ya plastiki, akaviwekea kijiko na sahani ya karanga ili upepo usivichukue, akaanza kusoma kimoja kimoja bila haraka. Fundi cherehani aliyeshona namba za jezi. Mama aliyewapikia bukari na samaki baada ya mechi ya nyumbani. Kijana wa bisi, nusu ya nauli. Rais wetu akawa anatikisa kichwa, anatabasamu, haya ni madogo. Kisha kikatoka kikaratasi kilichokunjwa mara nne: ahadi ya dola kwa mchezaji, "tukipanda daraja", na sahihi chini.

"Baba Trezorye, hiyo ni ya kweli au ni ya mchezo?" rais wetu akauliza.

"Baba Rais, sahihi ni yangu. Nikikuficha leo, kesho utanikuta nayo barabarani."

Nilimheshimu mzee yule kuliko wote waliokuwa pale. Deni kama hilo, lenye sharti, ndilo linalovunja ekipe mpya siku ya furaha: mmepanda daraja, na mtu anakuja kudai.

Kwa hiyo andikeni tarehe moja. Madeni ya kabla ya tarehe hiyo yanabaki kwa waliokopa, isipokuwa yale yaliyoorodheshwa na kusainiwa na pande zote mbili. Na wadogo, yaani mama wa bukari, fundi, kijana wa bisi, walipwe kabla ya kusaini. Ni watu wa mtaa. Jina la ekipe yenu linakaa mdomoni mwao kila siku.

Kumeza au kuzaa: mtakaa daraja gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, ekipe moja inabaki na nyingine inaingia ndani yake. Ya pili, zote mbili zinakufa na kuzaliwa mpya. Watu wengi wanapenda ya pili kwa sababu hakuna anayeonekana ameshindwa, lakini ndiyo yenye hatari: ekipe mpya inaweza kuambiwa ianze chini kabisa. Kabla hamjawaambia wachezaji lolote, mwandikieni Entente barua moja yenye maswali matatu. Tukiungana, nafasi ya daraja la juu inabaki? Deni la ada na faini za ekipe iliyofungwa linamwangukia nani? Na je, klabu moja inaruhusiwa kuandikisha timu mbili katika michuano hiyo hiyo, au lazima moja ishuke? Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo alilopewa rais kwenye kinywaji halihesabiki, hata aliyelitoa awe mkubwa namna gani.

Kama ekipe yenu ina utu wa kisheria, yaani iliandikishwa kama ASBL (chama kisichotafuta faida) chini ya Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, basi kuna statuti, yaani katiba ya chama, na statuti zinasema nani ana haki ya kuamua kuivunja. Mara nyingi ni mkutano mkuu, si rais na marafiki zake. Someni kwanza. Ekipe nyingi za mtaa hazina karatasi hiyo, zinajulikana tu kwa Entente. Kwao PV ya mkutano mkuu yenye sahihi za waliohudhuria ndiyo silaha pekee, basi iandikwe vizuri.

Wanaosema muungano utawapandisha haraka, nawapa mfano wa Genk, Ubelgiji, mji ambao wapenzi wa mpira hapa wanaujua kwa sababu ya Mbwana Samatta, aliyetoka Mazembe, klabu kubwa ya hapa kwetu, kwenda kule mwaka 2016. Klabu hiyo ilizaliwa mwaka 1988 kutoka klabu mbili za mitaa ya wachimba makaa, Winterslag na Waterschei, wakati migodi yao inafungwa. Mtu wa mji wa Gécamines, kampuni yetu ya migodi, hahitaji kuelezwa hali hiyo. Na Waterschei hawakuwa wanyonge: mwaka 1983 walifika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Pamoja na hayo, msimu wa kwanza wa muungano walishuka daraja. Ubingwa wa kwanza wa Ubelgiji ulikuja mwaka 1999. Sasa ninyi wenye mipira mitatu mnataka kupanda mwakani.

Lisansi za watoto: hapa msicheze

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii, maana viongozi wa ekipe ndogo wanaiona ni karatasi za bure. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu kuanzia miaka 16 una nusu ya asilimia.

Fanyeni hesabu. Mtoto aliyecheza kwenu misimu minne, kutoka 12 hadi 15, kisha akachukuliwa na klabu kubwa, na siku moja akauzwa dola milioni moja: kila msimu ni dola 2,500, jumla 10,000. Kwa ekipe ya Katuba, hizo ni jezi, mipira, uzio, na bado inabaki. Na huyo mtoto si wa ndotoni. Skauti wanapita viwanja vyetu kila kiangazi.

Lakini pesa hiyo inafuata pasipoti ya mchezaji, yaani historia ya klabu alizoandikishwa, msimu kwa msimu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA huko Paris, na ofisi hiyo haimjui Mama Sekreteri wala haikumbuki mtoto alikuwa anacheza na viatu vya kaka yake. Inaangalia maandishi. Ekipe iliyokufa bila mrithi wa kuonekana inaondoka na haki zake.

Kwa hiyo, kabla ya kuungana: kila mtoto aliyefika miaka 12 awe na lisansi ya kweli, yenye tarehe ya kuzaliwa ya kweli. (Kupunguza miaka, ambako baadhi yenu mnakujua sana, kunaharibu mpaka hesabu hii.) Fanyeni nakala za orodha zote za misimu iliyopita za ekipe zote mbili. Kisha PV na barua ya Entente ziseme waziwazi kwamba klabu mpya ni mrithi wa fulani na fulani katika haki zote za malezi ya wachezaji. Sentensi moja tu. Na baina yenu andikeni pesa kama hiyo ikiingia itagawanywaje. Mimi napendelea iingie yote kwenye klabu mpya, vinginevyo mtakuwa mnagombania mtoto ambaye bado yuko darasa la sita.

Jina na rangi viwe vya mwisho

Msianze na jina. Mkianza na jina hamtafika kwenye madeni. Na anayesema "jina letu ni la mababu" mkumbusheni Mazembe: wamisionari Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 ikiitwa Saint-Georges, ikawa Saint-Paul, ikawa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na ni Englebert hiyo iliyobeba kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo nani Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, analia kwa sababu ya Saint-Georges?

Rangi zina uchungu zaidi kuliko jina, kwa sababu mama zetu wana vitenge vyake. Waitaliano wa Genoa walipounganisha Sampierdarenese na Andrea Doria mwaka 1946 walichukua vipande vya majina yote mawili wakapata Sampdoria, na jezi ikawa ya bluu ya hawa yenye mistari ya rangi za wale kifuani. Ni suluhisho zuri, ila mkumbuke kwamba jezi ya rangi nne inagharimu. Njia ya bei nafuu: nyumbani rangi za hawa, ugenini rangi za wale. Jezi za zamani zote mbili zinaendelea kutumika.

Viti

Nitapita haraka. Rais akitoka upande huu, trezorye atoke upande ule, na pesa isitoke bila sahihi mbili. Wazee wapewe urais wa heshima, kiti cha mbele na kinywaji cha kwanza, wasipewe ufunguo wa sanduku. Kocha achaguliwe na watu wa pande zote mbili, na kama mnaweza kumpata asiye wa upande wowote, bora. Mfadhili anayekuja na jezi zenye picha yake karibu na uchaguzi na kusema atasaidia "mkiungana tu", pokeeni jezi, mshukuruni kwa heshima zote, na muungano usubiri kura zihesabiwe. Nimeona mara ngapi muungano uliodumu kwa urefu wa kampeni.

Karatasi ya kuachana

Iandikwe siku ile ile ya kuungana, wakati bado mnapendana. Paris Saint-Germain ilizaliwa mwaka 1970 kutoka Paris FC na Stade Saint-Germain. Mwaka 1972 walitengana, Paris FC ikabaki na nafasi ya daraja la kwanza, na Paris Saint-Germain, hii hii ya leo, ikaenda kucheza daraja la tatu. Kama ni hivyo kwa watu wenye mawakili, kwenu itakuwa ngumi.

Karatasi iseme: tukiachana, nafasi ya Entente inakwenda kwa nani, uwanja unabaki kwa nani, lisansi za watoto zinarudi wapi, na kila kitu kilicholetwa na kila upande kiorodheshwe na hali yake siku kilipoingia. Wekeni siku ya kuiangalia upya, kabla usajili wa msimu wa pili haujafunguliwa. Nakala ya tatu akae nayo mtu asiye na ekipe, padri au mkuu wa kartiye, mradi si shabiki. Na milingoti ya goli, kama ni ya chuma, iandikwe mstari wake peke yake, pamoja na jina la aliyeinunua, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoondoka usiku wa kwanza wa ugomvi.